Kiolesura kichaguliwe kabla ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Makala zinazoandikwa siku hizi kuhusu nyumba zinazoendeshwa na kompyuta huanza karibu zote mahali pamoja: ni programu ipi ipakuliwe kwenye simu, ni kompyuta ipi inunuliwe, na taa ziitikie sauti ya nani. Sisi mafundi tunaofunga na kukarabati mitambo hii tunaomba nafasi gazetini kwako tuseme kwamba huko ni kuanza na paa kabla ya msingi. Programu hubadilishwa jioni moja, na kompyuta ikifa hununuliwa nyingine. Kinachobaki ukutani kwa miaka mingi, na kinachoamua kama taa itawaka au waya utaungua, ni kiolesura: kile kifaa kinachokaa katikati, kikipokea amri ya kompyuta upande mmoja na kuitekeleza kwenye umeme wa nyumba upande wa pili.

Tofauti ya pande hizo mbili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Pini ya kompyuta ndogo kama Raspberry Pi hutoa volti 3.3 na haitakiwi kubebeshwa zaidi ya miliampea 16. Relei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, na waya uliozungushwa kuifanya sumaku hiyo huitwa koili. Koili ya relei ndogo ya volti 5 ina ukinzani wa takriban omu 70, yaani inadai miliampea 70 hivi. Anayeiunganisha koili hiyo kwenye pini moja kwa moja huua pini, na mara nyingine chipu nzima. Katikati yake panahitajika transista, swichi ya elektroniki yenye miguu mitatu: emita, kolekta na besi. 2N2222 inatosha: emita kwenye hasi, koili kati ya kolekta na chanya ya volti 5, na rezista (kizuizi cha mkondo) ya omu 470 kati ya pini na besi. Sambamba na koili huwekwa dayodi 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme kwa njia moja tu, upande wake wenye mstari ukielekea chanya. Dayodi hii ndiyo inayosahauliwa sana. Mkondo wa koili ukikatwa ghafla, usumaku wake huporomoka na kuzalisha volti za kinyume zinazozidi zile 5 mara nyingi. Transista inaweza kuvumilia siku kadhaa kisha ikafa bila sababu inayoonekana. Relei zikiwa nyingi, chipu ya ULN2003 ina njia saba na dayodi zake zimo ndani, mradi pini yake ya 9 iunganishwe kwenye chanya ya koili. Pini hiyo ikiachwa wazi, dayodi zipo lakini hazifanyi kazi.

Wengi hununua bodi za relei zilizokwisha kutengenezwa, na si vibaya. Lakini bodi nyingi za aina hiyo huwasha relei pini inaposhuka hadi sifuri, si inapopanda, na zimeundwa kwa volti 5. Zikipewa pini ya volti 3.3, ile tofauti ya volti 1.7 inayobaki inaweza kuiacha taa ndogo ya bodi iking'aa hafifu na relei isiachie vizuri. Tiba iko kwenye bodi yenyewe: pale penye kijumpa, kipande kidogo cha kuunganisha, kati ya miguu iliyoandikwa VCC na JD-VCC, kiondolewe, VCC ipewe volti 3.3 za kompyuta, na JD-VCC ipewe volti 5 kutoka kwenye adapta yake. Jambo la pili ni sekunde za mwanzo. Kompyuta inapowaka, pini zake huwa hazijapewa kazi yoyote, zinaelea tu, na relei zinaweza kulialia au kuwaka zote kwa pamoja kabla programu haijaamka. Rezista ya kiloomu 10 kutoka kila pini hadi volti 3.3, kwa bodi zinazowashwa na sifuri, huzituliza. Kwa bodi zinazowashwa na volti ya juu, rezista hiyo hiyo hupelekwa kwenye hasi. Fundi anayedhani hili ni dogo afikirie geti la mota, au hita ya maji, vikiwaka vyenyewe kila umeme unaporudi.

Kabla ya kufunga bodi yoyote, igeuze uitazame upande wa shaba. Chini ya relei utaona njia nene zinazobeba umeme wa volti 230, na karibu yake njia nyembamba za upande wa kompyuta. Kati ya makundi hayo mawili pawe na uwazi wa milimita 6 angalau, na ni bora zaidi ziwe 8. Bodi nzuri huwa zimekatwa mfereji mwembamba uliopenya bodi, ukizunguka mguu wa katikati wa relei, ili vumbi na unyevu visiwe daraja. Ukiona njia ya moto imepita milimita 2 tu kutoka kwenye njia ya kompyuta, iache bodi hiyo kwa taa za volti 12. Rangi yake nzuri na bei yake nafuu visikushawishi.

Sasa upande wa mzigo, ambako ndiko kwenye makosa mengi. Juu ya relei hizi ndogo imeandikwa ampea 10. Namba hiyo ni ya mzigo wa ukinzani mtupu, kama hita au pasi. Mota na taa za LED zina tabia nyingine. Pampu ya wati 750 hutumia ampea 4 hadi 5 ikizunguka, lakini wakati wa kuanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo. Kundi la taa za LED linaonekana jepesi, wati 100 tu, lakini kapasita (vihifadhi vya chaji) zilizomo ndani ya kila taa hujaa zote kwa pamoja zikivuta makumi ya ampea kwa muda usiofika milisekunde moja. Muda huo mfupi unatosha kuchomelea kontakti za relei, yaani ncha zake za chuma zinazogusana. Kontakti ikishachomelewa, programu itasema taa imezimwa, skrini itaonyesha imezimwa, na taa itaendelea kuwaka. Kwa hiyo relei ndogo iachiwe kazi ya kuamuru tu: iwashe koili ya kontakta, relei kubwa ya mizigo mizito, na kontakta ndiyo ibebe pampu. Unaponunua kontakta usisome namba kubwa iliyo mbele peke yake. Soma ampea za daraja la AC-3, ambalo ni la mota. Zile za AC-1 ni za hita, na kontakta moja inaweza kuwa na ampea 25 kwa AC-1 na 9 tu kwa AC-3.

Cheche za kontakti hupunguzwa kwa rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 zilizofuatana, kapasita ikiwa ya daraja la X2 lililotengenezewa umeme wa nyumba. Hapa kuna mtego. Vikiwekwa sambamba na kontakti, miliampea 7 hivi hupenya kwenye kapasita hiyo hata relei ikiwa imefunguka, na taa ya LED itabaki inang'aa kidogo usiku kucha. Viwekwe sambamba na mzigo. Relei zisizo na kontakti, zile za silikoni, zina kasoro ya aina hiyo hiyo: huvujisha miliampea chache zikiwa zimezimwa. Pia hutoa joto la zaidi ya wati 1 kwa kila ampea, hivyo ampea 10 zinahitaji bati zito la kupozea. Na zikifa, kwa kawaida hufa zikiwa zimewasha. Kwa hita zinazowashwa na kuzimwa mara nyingi zinafaa sana, lakini nyuma yake lazima pawe na swichi ya joto isiyotegemea kompyuta.

Hapo tumefika kwenye swali ambalo kwetu lina uzito kuliko yote, Mhariri: kompyuta ikifa usiku, wenye nyumba watawashaje taa ya choo? Mfumo ambao swichi ya ukutani imegeuzwa kuwa kitufe cha kuiomba kompyuta ni mfumo mbovu, hata uwe wa kisasa namna gani. Njia rahisi ni kuifunga relei kama swichi ya pili ya ngazi. Relei yenye kontakti za kubadilisha huunganishwa na swichi ya njia mbili kwa nyaya mbili za kupokezana, na yeyote kati ya kompyuta na mtu anaweza kubadili hali ya taa. Gharama yake ni kwamba kompyuta haitajua taa iko katika hali gani kwa kuangalia relei yake peke yake. Inahitaji kihisi kwenye waya unaokwenda kwenye taa, kupitia optokapla ya umeme wa nyumba, kifaa kinachopitisha taarifa kwa mwanga bila pande mbili kugusana. Njia ya pili, nayo tunaipendelea kwa nyumba mpya, ni relei ya mpigo: kila ikipata mpigo mfupi hubadilika na kubaki ilivyo bila kula umeme. Vitufe vya ukutani na relei ndogo ya kompyuta vyote huipa mpigo relei hiyo hiyo. Kwa pampu, swichi ya boya ya tangi ifungwe mfululizo na koili ya kontakta, si kwenye pini ya kompyuta. Tangi likijaa, koili inakatika hata kama programu imekwama.

Umbali nao huchagua kiolesura. Kebo ya USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita 5, na RS-232, kiwango cha zamani cha mawasiliano kwa nyaya, hukadiriwa mita 15. Mtu anayetaka kufika kwenye nyumba ya pampu uani atumie RS-485, kiwango kingine cha aina hiyo, ambayo kwa mwendo wa polepole hufika mita 1,200 na hubeba vifaa 32 vya kawaida kwenye nyaya mbili zilizosokotwa. Juu yake huzungumzwa itifaki (lugha ya vifaa) ya Modbus, iliyoanza mwaka 1979 na bado hutumika kwenye mita za umeme, inveta za sola na bodi za relei, kila kifaa na anwani yake kati ya 1 na 247.

RS-485 ikikorofisha, mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya vichache. Nyaya zimetandazwa kama nyota badala ya kupita kifaa hadi kifaa, na kila tawi refu hurudisha mwangwi wa mawimbi. Au nyaya mbili za mstari, A na B, zimepishana, kwa kuwa watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi. Badilisha nyaya hizo mbili kabla ya kulaumu programu, haziungui. Au rezista za mwisho hazipo. Zinatakiwa mbili za omu 120, moja kila ncha ya mstari. Kuzikagua ni kazi ya dakika moja: zima kila kitu, weka mita ya omu kati ya A na B. Ukisoma karibu 60, ziko sawa. Ukisoma 120, imekosekana moja. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza ya tatu, kwa kawaida kijumpa kilichoachwa kwenye kifaa cha katikati. Mstari ukiwa kimya, uvutwe na rezista mbili za omu 560, moja kutoka A au B hadi chanya na nyingine hadi hasi kufuatana na maandishi ya kifaa, mahali pamoja tu katika mstari wote. Bila hizo, kelele husomwa kama herufi. Usisahau waya wa tatu wa kuunganisha hasi za vifaa, maana chipu hizi huvumilia tofauti ya volti -7 hadi +12 tu. Kifaa kikijibu lakini namba zikawa za ajabu, huenda umekosea rejista, yaani namba ya mahali thamani ilipohifadhiwa, kwa moja: kinachoandikwa 40001 kwenye kitabu mara nyingi huombwa kama 0 kwenye programu.

Na adapta ya USB inayounganisha mstari huo na kompyuta: mfumo endeshi wa Linux huziita ttyUSB0, ttyUSB1, kwa kufuata aliyetangulia kuonekana. Zikiwa mbili, umeme ukikatika na kurudi zinaweza kubadilishana majina, na amri za taa zikaenda kwenye mita. Tumia majina yaliyo kwenye /dev/serial/by-id. Adapta za chipu CH340 kwa kawaida hazina namba yake kila moja, hivyo mbili zinazofanana zitambuliwe kwa tundu zilimochomekwa, kwenye by-path.

Mtandao wa kebo hufika mita 100, na kila ncha ina transfoma ndogo inayotenga umeme hadi volti 1,500. Kwa bodi ya relei iliyo mbali ndani ya jengo moja hatuoni kiolesura cha kuushinda. Kati ya majengo mawili, ambako radi huleta tofauti kubwa ya volti ardhini, tumia kebo ya nyuzi za mwanga.

Nyumba ikiwa bado inajengwa, KNX na DALI, mifumo ya nyaya za kuamuru vifaa vya nyumba, zinastahili kufikiriwa. KNX hupitisha umeme wa volti 30 hivi na ujumbe kwenye jozi moja ya nyaya, kwa biti 9,600 kwa sekunde, na haina kompyuta kuu: kitufe huongea na relei moja kwa moja. DALI ni ya taa peke yake, anwani 64 kwa mstari. Nyaya zake zina volti 16 tu lakini hazihesabiwi kuwa salama kuguswa, kwa hiyo zichukuliwe kama za volti 230.

Wapo wanaovutiwa na vifaa vinavyotuma amri kupitia nyaya za umeme zilizopo. Itifaki ya X10, ya mwaka 1975, ndiyo mzee wao: hutuma mipigo ya kilohezi 120 kila umeme unapopita kwenye sifuri, na ina anwani 256. Amri moja kamili huchukua karibu sekunde nzima, na kifaa cha kawaida hakirudishi jibu kwamba imefika. Adapta za simu na televisheni za leo humeza mawimbi hayo na kumwaga kelele zake mahali pake, na nyumba yenye fezi zaidi ya moja hupoteza ujumbe unaotoka fezi hadi fezi. Kwa ufungaji mpya hatuishauri.

Redio ndiyo kimbilio la nyumba ambayo kuta zake haziwezi kuchimbwa. Z-Wave, mojawapo ya itifaki za redio za nyumba, hutumia megahezi 868.42 Ulaya na 908.42 Marekani, na hubeba vifaa 232 kwa mtandao. Kifaa kilichonunuliwa kwa soko la eneo moja hakitasikilizana na kidhibiti cha eneo jingine, na hakuna programu ya kukirekebisha. Soma masafa kwenye boksi, na uhakikishe yanaruhusiwa unapoishi. Zigbee, itifaki nyingine ya redio, hutumia gigahezi 2.4, sehemu zile zile za Wi-Fi. Ruta ikiwa kwenye chaneli 11 ya Wi-Fi, Zigbee iwekwe chaneli 15 au 20, au 25 ambayo iko nje ya ukingo wake. Chaneli ichaguliwe siku ya kwanza, kwa sababu kuihamisha baadaye mara nyingi ni kuunganisha upya kila kifaa. Kidhibiti cha Zigbee cha kuchomeka hakitakiwi kukaa kwenye tundu la USB 3.0, wala kando yake: tundu hilo na diski zake humwaga kelele kwenye gigahezi 2.4, na vihisi vya chumba cha mbali vinapotea kimoja kimoja. Waya wa kurefusha USB 2.0 wa mita 1 humaliza tatizo hilo.

Jambo jingine la redio hizi: kifaa cha betri hakipokei na kupitisha ujumbe wa wengine, vinavyopitisha ni vile vilivyo kwenye umeme wa kudumu. Balbu ya Zigbee inayozimwa kwa swichi ya ukuta inakuwa imekata njia ya vihisi vilivyoitegemea. Weka soketi mbili tatu za Zigbee zisizozimwa kabla ya kuongeza vihisi vya milango. Na kabla ya kununua swichi yoyote ya redio ya kufunga ukutani, fungua kisanduku cha swichi iliyopo uone kama nyutro imefika. Nyumba nyingi zina waya wa moto na wa kurudi kwenye taa tu. Swichi zisizohitaji nyutro hujilisha kupitia taa yenyewe, na taa ndogo za LED hupepesa kwa sababu hiyo.

Kuhusu vifaa vya Wi-Fi, swali ni moja: vinatii amri ndani ya nyumba intaneti ikiwa imekatika? Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya vifaa vya nyumba, zilizimwa bila taarifa, na wateja wakabaki na vifaa vizima ambavyo programu ya simu haikuweza kuvifikia. Walioweza kuendelea ni wale waliokuwa na njia ya kuviamuru kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani. Nunua vinavyokubali MQTT au itifaki nyingine iliyo wazi. Kipimo chake ni kuchomoa waya wa intaneti kwenye ruta, kuiacha ruta ikiwaka, kisha kujaribu kuwasha taa.

Upande wa kuingiza taarifa tutasema machache. Kihisi cha mlango kiwe cha mzunguko uliofungwa, ili waya ukikatwa isomeke kama mlango uliofunguliwa. Waya mrefu usipelekwe kwenye pini ya volti 3.3, maana hunasa kelele kama antena. Tumia volti 24 na optokapla, pamoja na rezista ya kiloomu 4.7, upate karibu miliampea 5, na programu ipuuze mabadiliko ya chini ya milisekunde 50. Kihisi cha joto DS18B20 ni kizuri na kina namba yake ya biti 64, hivyo vingi hukaa kwenye waya mmoja wenye rezista moja ya kiloomu 4.7. Lakini kikikosa umeme kidogo, au kikisomwa kabla ya milisekunde 750 kupita, hutoa nyuzi 85 kamili. Programu ya hita au feni ikatae kuamini 85 inayotokea ghafla.

Tunaomba, Mhariri, makala zako zijazo zinazosifu kifaa zichapishe pia mambo manne: kinabeba ampea ngapi za mota, kinafika mita ngapi, kinafanya nini intaneti ikikatika, na relei zake hukaa vipi umeme unaporudi. La mwisho msomaji anaweza kulipima mwenyewe kabla ya kumlipa fundi. Washa nusu ya taa, zima swichi kuu, subiri sekunde 30, iwashe tena. Tazama kila taa, pampu na geti tangu sekunde ya kwanza hadi kompyuta iamke, na uandike kwenye karatasi kilichowaka bila kuamriwa. Kisha chomoa kompyuta kabisa, umpe fundi karatasi hiyo, azunguke nawe chumba hadi chumba akiwasha na kuzima kila swichi ya ukutani.

Wako,
Mafundi wa umeme na elektroniki